Mpaka Mpini Uguse Mfuko

Kosa la Mpimaji lilikuwa juu ya meza ya Inspekta: kopo la maziwa ya unga lenye mchanga mweusi wa bati, uzito kilo mbili na robo. Walinzi wa ghala la reli walimkuta nalo ndani ya shati Jumanne jioni. Leo ilikuwa Alhamisi, na kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa wizi wa madini, kosa ambalo hakimu wa mji ule hakuwahi kulitolea chini ya miaka mitano.

Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Sindano akiwa hayupo, na wachache wenye roho ngumu hata akiwepo, alikuwa amelisoma jalada mara mbili na mara zote mbili lilimkera. Mlinzi wa kwanza kasema alimkamata mtuhumiwa. Mlinzi wa pili kasema alimwona wa kwanza akimkamata. Mtuhumiwa mwenyewe, kwa mwandiko wa askari mvivu, "hakutoa maelezo ya kueleweka".

"Mwizi gani huyu?" alimwuliza Koplo wake. "Mtu anashinda na mifuko ya tani nzima nzima, halafu anaiba kopo?"

"Labda alikuwa anaanza, afande. Ili azoee."

"Mlete."

Mpimaji aliingia akiishika suruali kwa mkono, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na ushee, vifungo vya shati vimefungwa vyote hadi shingoni kana kwamba amekuja kuomba kazi. Alipokaa, hakumtazama Inspekta. Alilitazama kopo.

"Limepungua," alisema.

"Nini kimepungua?"

"Mchanga. Lilikuwa limejaa. Wamemwaga kama vijiko vitatu."

Koplo akaanza kuitazama dari kwa bidii, na Sindano akaamua kulimaliza hilo baadaye.

"Mzee wangu, nieleze kazi yako. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Mifuko inatoka mgodini kwa lori, siku mbili njiani. Inashushwa ghalani kungoja treni. Mimi ni mtu wa serikali. Nachoma mkuki kwenye kila mfuko, toka juu mpaka chini. Mkuki ni bomba tu, lina mfereji ubavuni. Unazungusha, mchanga unaingia, unachomoa, unapata kikombe. Vikombe vinakwenda kwa mkemia. Mkemia akisema kwenye mia kuna bati arobaini, mrabaha wa serikali unahesabiwa kwa arobaini. Akisema sitini, sitini."

"Kwa hiyo nchi nzima inangoja kikombe chako."

"Nchi haijui kama nipo. Lakini ndiyo."

Sindano alijua, kama alivyojua kila aliyekaa darasani katika nchi ile, kwamba theluthi mbili ya fedha za kigeni zilitokana na bati. Walikaririshwa hilo tangu wana meno ya utoto. Hospitali ni bati, barabara ni bati, mishahara ya polisi ni bati. Ila hakuna mwalimu aliyewaambia kwamba bati lenyewe linapimwa na mtu mmoja mwenye bomba.

"Na hili kopo?"

"Jumatatu mfuko mmoja ulichanika chini, ukamwaga. Nikazoa kwa mkono ili wasije wakaukanyaga. Ukawa mzito." Aliinua kiganja kitupu, akakipima hewani. "Mimi mchanga ule naujua kwa mkono, mama. Ule haukuwa wa arobaini. Nikamwomba meneja wa ghala nichome upya mifuko yote, akakataa. Akasema treni haimngoji mtu. Kesho yake nikachukua kopo nimpelekee mkemia mwenyewe."

"Mbona hukuwaambia askari hivi?"

"Niliwaambia nilitaka kupima. Wakacheka."

Sindano alihisi hasira ikimpanda, na hasira ile ilikuwa juu ya kituo chake mwenyewe. Alichukua kofia.

*

Ghala lilikuwa refu, la mabati, limepakana na reli. Mifuko ilisimama humo safu kwa safu, minene, weupe wake umechafuka kwa vumbi la njia, kimo chake kinamfika mtu kifuani. Meneja aliwapokea ofisini kwake, chumba pekee chenye kiyoyozi katika eneo lile. Alikuwa na kofia ngumu nyeupe isiyo hata na mkwaruzo.

"Karibu Inspekta. Hapa ndipo nchi inapolishwa. Nimesikia unakuja kuturudishia kopo letu."

"Nimekuja kuuliza kwa nini bati zuri linakaa chini ya mifuko na baya linakaa juu."

Alilitupa swali lile apate kumwona atakavyoruka. Kichwani alikuwa na picha kamili: usiku mgodini, vijana wanajaza bati safi chini, wanafunika na mchanga wa ovyo, Mpimaji anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Picha nzuri, ya kumfikisha mtu mahakamani. Lakini Meneja hakuruka. Alicheka, tena kicheko cha mtu asiye na deni.

"Mifuko inajazwa na mashine, Inspekta, mara moja, mbele ya ofisa wenu wa forodha. Anasaini. Nikuonyeshe? Bati ni zito. Barabara yenu ina mashimo na makorongo. Tikisa kitu siku mbili, kizito kitashuka. Hilo si njama, ni barabara. Itengenezeni."

Koplo alikuna shingo. "Kama mawe kwenye mchele, afande. Ukitikisa ungo... hapana, ukitikisa debe, mawe yanajikusanya chini."

Sindano hakupenda, lakini ilikuwa kweli. Na kama ilikuwa kweli, haikumtosha. Mkuki ulitakiwa kufika chini. Kizito kikishuka, mkuki unakikuta hukohuko, na kikombe kinapata vyote. Basi kwa nini kikombe cha Mpimaji hakijapata?

"Naomba kuuona mkuki wa serikali."

Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ndani ya chumba kidogo pembeni, chumba cha mtu wa serikali: meza moja, kiti kimoja, dirisha lisilo na kioo. Vikombe vya plastiki vilipangwa kwenye rafu vikiwa vimeoshwa na kugeuzwa chini. Ukutani palibandikwa karatasi ya mafunzo iliyokwisha kugeuka rangi ya chai, na mstari mmoja ulikuwa umepigwa wino mwekundu: *Choma mpaka mpini uguse mfuko.*

"Choma," Sindano alimwambia Koplo.

Koplo alipanda kwenye ngazi fupi, akachoma mfuko wa kwanza wa safu, akakandamiza kwa uzito wake wote mpaka mpini ukagusa. Alizungusha, akachomoa, akamimina. Kikombe kikajaa.

"Kampuni nanyi mnachukua sampuli zenu?" Sindano alimwuliza Meneja.

"Bila shaka. Mnunuzi wa ng'ambo hanunui kwa macho."

"Na mkuki wenu uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza Meneja alichelewa kujibu. Haukuwa mrefu, ukimya ule, lakini Sindano alikuwa na miaka kumi na tisa ya kusikiliza watu wakichelewa, akauandika kichwani.

Mkuki wa kampuni ulikuwa kabatini, umepakwa mafuta. Koplo aliuchoma kwenye mfuko uleule, shimo pembeni ya shimo. Mpini ukagusa. Alipomimina, sehemu ya ncha ikatoka mchanga mweusi unaong'aa kama risasi ya kalamu. Sindano alishika kikombe kimoja kila mkono, vikombe vya kipimo kimoja, vyote vimejaa. Hakuhitaji mizani. Mkono wa kulia, wenye kikombe cha kampuni, ulishuka wenyewe.

Aliilaza mikuki miwili sakafuni, mpini kwa mpini. Kila mmoja ulichongwa alama kila sentimita kumi, kuanzia kwenye mpini. Wa kampuni ulisoma kumi, ishirini, ukaendelea hadi mia, kisha ncha. Wa serikali ulifika themanini, kisha ncha. Koplo alitoa futi mfukoni: mia na kumi, na themanini na nane. Kimo cha mfuko kilikuwa mia na kumi.

"Shubiri nzima," Koplo alinong'ona. "Shubiri nzima ya chini haijawahi kuguswa!"

"Mmeukata," Sindano alimwambia Meneja.

"Sijawahi kuugusa. Chumba kile kina kufuli la serikali na ufunguo anao mtu wa serikali."

"Lakini ulijua."

Meneja alivua kofia yake, akaifuta mahali ambapo haikuwa na vumbi. "Inspekta, sampuli yangu inasema sitini na kitu. Nauza kwa sitini na kitu. Sampuli ya serikali inasema arobaini, nalipa mrabaha wa arobaini. Kila kipimo na mwenyewe. Wewe unijulishe sheria inayonilazimisha kumfundisha mtu wa serikali kazi, nami nitaisoma leo hii."

Sindano aliitafuta sheria hiyo kichwani. Haikuwepo. Alitamani kumzaba kofi mtu yule, akaishika mikuki miwili akatoka.

*

Ncha ya mkuki wa serikali ilikuwa kali, na kwenye shina lake palionekana mshono wa kuchomelea, mpya, wa bluu. Mtu aliyefanya kazi ile alijua kazi. Nyuma ya uzio wa ghala, hatua mia mbili, palikuwa na banda la fundi wa kuchomelea, na Sindano hakuona sababu ya kwenda mbali.

Fundi alikuwa amepandisha miwani yake myeusi kwenye paji la uso. Alipouona mkuki mkononi mwa Koplo aliishusha tena, ingawa moto ulikuwa umezimwa.

"Unaujua huu?"

"Siujui, afande. Hapa kunapita vyuma vingi."

"Vua miwani niongee na macho. Unaujua?"

"Siujui."

"Koplo, mkague. Huyu ndiye kampuni ilimpa hela akate chombo cha serikali. Hiyo ni hujuma ya uchumi. Hata dhamana haina."

"Kampuni?" Fundi alivua miwani kabisa. "Kampuni gani? Afande, mimi kampuni hata maji yao sijanywa! Mimi nimekana kwa sababu ya shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Mpimaji. Kamuoa dada yangu. Nikasikia kakamatwa, sasa nikiona chombo chake mikononi mwenu niseme nakijua? Dada yangu atanila nyama."

Sindano alikaa kwenye mtungi mtupu wa gesi. Aliiona picha yake ya pili, ya kampuni na fundi wa kukodiwa, ikimponyoka mkononi, na nyuma yake ikija ya tatu ambayo hakuitaka.

"Nani alikuambia uukate?"

"Kuukata? Hakuna aliyeukata. Ni kunoa. Ule mchanga unakula chuma, ncha inakuwa butu, inapinda, mkuki hauingii. Kila mwaka shemeji ananiletea. Naondoa ncha iliyoharibika, nakata na bomba lililoliwa, kama unene wa kidole hivi, naunga ncha nyingine palipobaki. Hata hela simtozi, ni shemeji."

"Kila mwaka unene wa kidole."

"Hivyo hivyo. Yeye ni mtu wa kutunza chombo. Wangekuwa wote kama yeye serikalini..." Fundi akamtazama Inspekta usoni. "Nimesema kitu kibaya?"

Sindano aliandika maelezo yake, akampa atie saini. Alimwambia asitoke mjini, na Fundi akauliza dada yake amwambie nini. Sindano akamwashiria Koplo, wakaondoka.

*

Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Sindano aliilaza mikuki miwili juu ya meza, akamwachia aipime mwenyewe. Aliipima kwa shubiri, kisha kwa vidole, kisha akarudia kwa shubiri.

"Mpini uligusa," alisema. "Kila mara. Nilifundishwa mpini ukigusa mfuko umefika chini. Nisingeweza hata kuuruhusu uishie njiani, ningelala vibaya."

"Najua."

"Ulipokuwa mpya kikombe kilitoa sitini na moja. Ukashuka hamsini na nane, hamsini na tano. Tukaambiwa mgodi umechoka. Mimi mwenyewe nilimwambia mkaguzi wa wizara: mgodi umechoka. Akaandika." Aliusogeza mkuki mfupi pembeni. "Wakaipunguzia kampuni kodi kwa sababu mgodi umechoka. Wasije wakafunga."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja." Akafumba macho, na midomo yake ikaanza kutembea. Sindano alijua anafanya nini: alikuwa anazidisha mifuko kwa treni, treni kwa mwaka. Aliona aibu kumtazama, kama mtu anayemchungulia mwenzake akilia.

"Acha," alisema. "Hukuiba. Hilo ndilo la leo. Niambie, hukuwahi kuomba mkuki mpya?"

"Kila mwaka. Naingia ofisini, namwambia mkuu wangu wa idara ncha imeharibika. Ananijibu bajeti hakuna, si una shemeji fundi? Mpelekee anoe."

"Uliandika?"

"Kwa mdomo."

"Kuna aliyesikia?"

"Yeye na mimi."

Sindano alipanda ngazi kwa Mkuu wa kituo akiwa na ripoti ya kurasa nne na moyo uliochangamka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Mchango wa bati katika pato la taifa ulikuwa umechapwa kwenye kalenda nyuma ya kiti cha Mkuu, mchoro wa duara kama keki ya rangi tano, ambayo rangi moja ilikuwa imekula zaidi ya nusu. Mkuu alisoma ripoti taratibu. Alipofika kwa Meneja aliguna. Alipofika kwa Fundi alilamba kidole akageuza ukurasa.

"Kazi safi," alisema. "Ngoja nipige simu."

Alipiga simu mlango umefungwa, dakika arobaini. Sindano alisimama koridoni akihesabu vigae. Mkuu alipomwita, ripoti yake ilikuwa imepigwa mistari ya kalamu nyekundu kwa mkono usiotetemeka.

"Shitaka la wizi linafutwa. Kampuni imeondoa malalamiko yake, kwa moyo mwema kabisa."

"Ahsante, afande."

"Usinishukuru. Atasomewa lingine kesho. Kuisababishia serikali hasara kwa kuharibu chombo cha kupimia. Meneja atakuwa shahidi wetu, na ule mkuki wake ni kielelezo."

Sindano alidhani hakusikia vizuri. "Afande, huyu ndiye aliyegundua. Bila kopo lake tusingejua lolote."

"Wizara inahitaji mtu, Inspekta. Hasara ya miaka yote hiyo haiwezi kukosa mwenyewe. Unataka nimkamate nani? Barabara? Kuna karatasi inayoonyesha mkuu wake wa idara alimkatalia? Hakuna. Kuna sheria inayombana Meneja? Umeandika mwenyewe hapa kwamba hakuna." Alirudisha ripoti mezani. "Wizi ungempa miaka mitano. Hili ni ishirini. Kachukue maelezo yake ya onyo, nayataka kabla ya saa kumi na moja."

Kulikuwa na mambo mengi ya kumjibu mtu yule, na Sindano aliyajua yote, na yote yangemtoa kazini bila kumtoa Mpimaji rumande. Alipiga saluti. Aliichukia saluti ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya akiwa amevaa sare.

*

Aliyaandika maelezo mwenyewe, hakumpa Koplo. Aliandika polepole, kwa herufi za kusomeka: jina, umri, kazi, mkuki, ncha, Fundi. Alipofika mahali pa mkuu wa idara, kalamu ikasimama. Kisha akaandika: *Niliomba mkuki mpya kwa barua mara tatu. Sikujibiwa.*

Sentensi mbili tu. Wakili yeyote angezishika. Idara ingetakiwa kuzitafuta barua hizo, ingezikosa, na katika idara ile iliyopoteza hata mafaili ya wastaafu wake, nani angeapa kwamba hazikuwahi kuwepo? Koplo alisoma juu ya bega lake. Akaenda kusimama mlangoni na kuwageuzia mgongo.

Sindano alimweleza Mpimaji shitaka jipya kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangekuwa ni kumtesa. Mpimaji aliuliza kama mkewe ameshaambiwa. Sindano akasema bado. Mpimaji akauliza kama shemeji yake ataguswa. Sindano akasema hapana, na hilo aliahidi kwa kichwa chake.

"Soma," alimwambia. "Soma vizuri, halafu utie saini kila ukurasa."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na Sindano alikifuata kidole kile kikishuka. Kilifika kwenye barua. Kikasimama.

"Hapa," alisema Mpimaji.

"Hapo pako sawa."

"Hapana, mama. Sikuandika barua."

"Mzee wangu." Aliinama mpaka sauti yake ikawa ya watu wawili tu. "Pako sawa. Nisikilize. Hapo pana miaka yako ishirini. Una wajukuu. Tia saini uendelee na ukurasa wa pili."

Mpimaji alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango.

"Nimeshaidanganya nchi miaka kumi na mmoja bila kujua," alisema. "Sasa ninajua."

Akamwomba kalamu. Sindano aliishikilia kwa muda ambao hakuna kanuni ya polisi inayouruhusu, kisha akampa. Mpimaji alilaza ukingo wa kiganja kwenye karatasi mstari usiende kombo, akazifuta zile sentensi mbili kwa mchoro mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa herufi ndogo safi, akaandika *Niliomba kwa mdomo*. Akatia saini pembeni, kama inavyotakiwa mtu anaporekebisha.